Makali Kwanza: Mwongozo wa Kunoa Fyekeo, Panga na Mundu, na Kukata Nyasi kwa Usalama

Nyasi haishikiliwi na kitu chochote ila mizizi yake. Ukiipiga kwa chombo butu inainama, chuma kinapita juu yake, kisha inasimama tena nyuma yako. Unarudia palepale, unaongeza nguvu, na saa moja haijaisha kiuno kinauma na kiganja kimetoka malengelenge. Chombo chenye makali hukata shina kabla halijawahi kuinama. Kazi ya kufyeka hufanywa na makali na mwendo. Mkono kazi yake ni kuongoza tu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na tupa na jiwe, halafu ndipo unakwenda uwanjani. Ubutu una hasara tatu, na kila moja ina gharama yake:

- Unakuchosha. Pigo moja linageuka mapigo matatu. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini anaweza kumaliza kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, na majani hayo hukatwa kila siku. Uchovu mdogo wa leo, ukirudiwa mwaka mzima, unakuwa maumivu ya kudumu ya bega na mgongo.
- Unakuhatarisha. Anayetumia nguvu nyingi hawezi kukiongoza chombo vizuri. Panga butu huteleza juu ya shina gumu na kwenda lisikotumwa, mara nyingi kwenye mguu wa mwenye kufyeka.
- Unaumiza mmea. Shina lililochanwa hukauka kuanzia kwenye jeraha, huoza kirahisi na huchelewa kuchipua. Lililokatwa safi hupona haraka.

## 1. Chagua chombo kwa kazi yako

Fyekeo, ambalo wengi huliita kwanja, ni bamba jembamba na refu la chuma lililopindwa kuelekea mwishoni. Mengi yana makali pande zote mbili, kwa sababu hukata likienda na likirudi. Ni chombo cha uwanja, kando ya njia na katikati ya mistari ya kahawa. Si chombo cha vichaka: shina lenye unene wa kidole gumba litalipinda.

Panga ni zito, kwa hiyo linafaa mashina manene, vichaka na majani ya tembo yaliyokomaa.

Mundu hukata kwa kuvutwa. Mkono mmoja unashika fungu la majani, mwingine unavuta chuma. Unafaa malisho na mavuno, kwa kuwa majani hubaki mkononi yamepangika badala ya kutawanyika.

Ulaya wana fyekeo la aina nyingine, lenye mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili na bamba refu, jembamba, lililojikunja. Kwenye konde tambarare lisilo na mawe linakata eneo kubwa kwa muda mfupi, lakini kwenye visiki, mawe na vichuguu bamba lake huharibika upesi. Hata hivyo watumiaji wake wana desturi ya kuigwa. Hutembea na jiwe la kunolea ndani ya kopo la maji kiunoni, na kila baada ya dakika chache husimama, hupitisha jiwe mara kadhaa, kisha huendelea. Hawasubiri chombo kiwe butu.

Ukinunua chombo kipya, fanya majaribio haya manne dukani au kwa mhunzi:

1. Kitazame kwa jicho moja kutoka mpinini hadi nchani. Kisiwe kimepinda upande.
2. Tikisa mpini. Ukisikia mchezo wowote, kirudishe.
3. Omba upitishe tupa kidogo kwenye ukingo. Tupa ikiingia kama kwenye bati, chuma ni laini na makali hayatakaa. Ikiteleza bila kushika kabisa, chuma ni kigumu mno: utashindwa kukinoa kwa tupa na kinaweza kumeguka. Chuma kizuri hukwanguka kwa shida kidogo.
4. Angalia ribiti zinazoshika mpini. Ziwe zimekaza na zisiwe na ncha za kuchubua kiganja.

Mapanga na miundu inayofuliwa na wahunzi wetu kutokana na springi za gari mara nyingi hushika makali kwa muda mrefu, kwa sababu chuma cha springi ni kigumu. Usiyadharau kwa kukosa rangi na lebo.

## 2. Vifaa vya kunoa

> KISANDUKU: Mfuko wa mnoaji
> - Tupa bapa ya inchi 8 au 10, yenye mpini
> - Jiwe la kunolea (kinoo) lenye upande wa kukwaruza na upande laini
> - Brashi ya waya ya kusafishia tupa
> - Maji kwenye kopo
> - Glavu nene kwa mkono unaokaa karibu na makali
> - Kitambaa kikavu na mafuta kidogo ya kupikia
> - Jiliwa, au gogo, kamba na kabari za kubana chombo

Tupa isiyo na mpini usiitumie kamwe. Msuka wake ni mkali, na tupa ikikwama ghafla huingia kiganjani. Ukikosa mpini wa dukani, gunzi kavu la mahindi litakufaa kwa muda huku ukichonga wa mti.

Ukikosa kinoo, gundisha msasa laini kwenye kipande cha ubao kilichonyooka. Jiwe la mtoni lenye chembe ndogo nalo hufanya kazi, mradi uso wake uwe bapa.

Tupa na jiwe havifanyi kazi moja. Tupa hutoa chuma kingi na kulipa ukingo umbo lake. Jiwe huondoa mikwaruzo ya tupa na kuyafanya makali yawe laini. Tupa hutumika mara chache, jiwe hutumika kila siku. Ukiligeuza hilo, ukanoa kwa tupa kila asubuhi, utakimaliza chombo kabla ya wakati wake.

## 3. Pembe: jambo linaloamua kila kitu

Makali ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma hukutana. Zikikutana kwa wembamba mno, makali hukata vizuri lakini hujikunja yakigusa jiwe la kwanza. Zikikutana kwa unene mno, makali hudumu lakini huponda nyasi badala ya kuikata. Unatafuta mahali katikati, kulingana na kazi. Vipimo hivi ni vya kila upande wa bamba:

- Mundu wa malisho: nyuzi 15 hadi 20
- Fyekeo la nyasi: nyuzi 20 hadi 25
- Panga la kazi mchanganyiko: nyuzi 25
- Panga la kukatia miti: nyuzi 30

Kupima bila kifaa: chukua karatasi yenye kona ya mraba. Kona hiyo ni nyuzi 90. Ikunje katikati upate 45. Ikunje tena upate 22 na nusu. Simamisha kipande hicho juu ya bamba, ncha yake ikiwa kwenye makali, na uinue tupa mpaka ilingane nayo. Mkono ukishaizoea pembe hiyo, karatasi hutaihitaji tena.

Kama chombo kina pembe nzuri tangu kiwandani, usihangaike kuibadilisha. Paka makali wino wa kalamu nene au masizi, pitisha tupa mara mbili, kisha tazama. Rangi ikitoka karibu na mgongo tu, umelaza tupa mno. Ikitoka kwenye ukingo wenyewe tu, umeisimamisha mno. Ikitoka kote, umeipata.

## 4. Kunoa fyekeo, hatua kwa hatua

1. Safisha. Osha udongo na utomvu, kausha. Mchanga ulioganda kwenye chuma humaliza meno ya tupa.
2. Bana chombo. Tumia jiliwa, au lilaze fyekeo juu ya gogo na ulifunge kwa kamba na kabari lisicheze. Makali utakayonoa yatazame mbele, mbali na tumbo lako. Kama upande wa pili nao una makali, ufunike kwa gunia lililokunjwa. Usinoe chombo ulichokishika kwa mkono mmoja au kilichokandamizwa kwa mguu.
3. Chunguza. Geuza makali yaelekee mwanga. Makali mazuri hayaonekani. Palipo na mstari unaong'aa ndipo palipo butu au palipovunjika. Weka alama.
4. Piga tupa upande wa kwanza. Shika mpini kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili viwe juu ya ncha ya tupa, visining'inie chini yake. Sukuma kwa mshazari kutoka upande wa mgongo kwenda kwenye makali, ukisogea taratibu kutoka shinani hadi nchani.
5. Inua tupa unaporudi. Tupa hukata ikisukumwa tu. Kuivuta huku imegusa chuma hulainisha meno yake na hakunoi chochote.
6. Endelea mpaka ukingo ujikunje. Ukinoa vya kutosha, kijiukingo chembamba cha chuma hutokeza upande wa pili. Kitafute kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali. Usipitishe kidole kando kando ya makali. Mkunjo ukisikika kuanzia mwanzo hadi mwisho, upande huo umekwisha. Palipokosa mkunjo, rudia.
7. Geuza chombo, noa upande wa pili kwa idadi ileile ya mapigo, mpaka mkunjo uhamie upande wa kwanza.
8. Maliza kwa jiwe. Lilowanishe. Lipitishe kwa wepesi kwa pembe ileile, mara moja huku, mara moja kule, kwanza kwa upande wa kukwaruza, kisha upande laini. Mkunjo utakatika wenyewe. Ukiuacha, utajilaza kwenye pigo la kwanza na chombo kitakuwa butu tena.
9. Jaribu. Shika kipande cha gazeti kwa mkono mmoja na ukipitishe kwenye makali ya chombo kilichobanwa. Kikikatika bila kuchanika, umefaulu. Kwa fyekeo, jani moja la nyasi lililosimama likikatika kwa pigo jepesi linatosha kabisa.
10. Futa na upake mafuta kidogo ya kupikia. Mafuta machafu ya injini yaache: yatafika kwenye malisho ya mifugo.

Kama fyekeo lina makali mawili, rudia hatua hizi kwa makali ya pili. Kazi yote huishia kwenye sehemu inayokata, yaani kipande cha mwisho kilichopinda. Usinoe bamba lote hadi mpinini. Unapoteza chuma na unajitengenezea mahali pa kujikata.

Mapengo: pengo dogo kama punje ya mchele liache. Litaisha lenyewe kadiri unavyonoa. Usishushe ukingo mzima kwa ajili yake. Pengo kubwa linalonasa nyasi ndilo la kusawazishwa kwa tupa, na baada yake utatengeneza pembe upya.

## 5. Panga na mundu: palipo na tofauti

Panga. Hatua ni zilezile, ila ligawe bamba mara tatu. Theluthi ya nchani ndiyo inayopiga zaidi na inahitaji makali ya kufyekea. Theluthi ya katikati inapokea mashina magumu, kwa hiyo iwe na pembe nene kidogo. Theluthi iliyo karibu na mkono ibaki bila kunolewa kwa kazi nyingi; siku utakapolishika kwa karibu ili kuchonga kitu, utashukuru.

Mundu laini. Kwa kuwa umejikunja, tupa bapa pana haifiki ndani. Tumia upande wa duara wa tupa nusu-duara, au jiwe jembamba, na ufuate mkunjo kwa mwendo mmoja mrefu. Usikwangue mahali pamoja, utachimba shimo kwenye ukingo.

Mundu wenye meno. Meno yana mifereji upande mmoja tu. Noa upande ule ulio bapa, ukiwa umelilaza jiwe karibu kabisa na chuma. Ukinoa upande wa mifereji utayafuta meno.

> ONYO: Grainda
> Mashine ya grainda hunoa kwa dakika moja na inaweza kuharibu chombo kwa dakika hiyohiyo. Ukali wa kudumu hutokana na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani au kwa mhunzi. Joto la grainda huondoa ugumu huo. Rangi itakuambia: ukingo ukianza kuwa wa manjano ya majani makavu, joto limeshapita nyuzi 200 za Selsiasi. Ukigeuka bluu, limekaribia 300 na mahali hapo pamekuwa laini. Panatakiwa paondolewe pote mpaka chuma kizima. Ukilazimika kutumia grainda kuondoa mapengo makubwa, gusa kwa sekunde mbili tatu, chovya majini, rudia. Vaa miwani. Makali ya mwisho yatengeneze kwa mkono.

## 6. Kabla ya kufyeka: kagua eneo

Ajali nyingi za kufyeka husababishwa na kitu kilichojificha ndani ya nyasi. Tembea eneo lote kwanza, ukiwa na fimbo ndefu.

- Okota mawe, chupa, makopo, waya na mifupa. Jiwe lililorushwa na fyekeo linaweza kutoboa jicho.
- Weka alama kwenye visiki na mabomba ya maji.
- Gonga na upekue nyasi kwa fimbo. Nyoka wengi hukimbia, lakini kifutu hutulia palepale na kuuma anapokanyagwa. Usitie mkono mahali usipopaona.
- Angalia matawi na mashimo: mzinga wa nyuki au kiota cha nyigu ukiguswa na fyekeo hakuna nafasi ya kujadiliana.
- Hakikisha hakuna mtu, hasa mtoto, ndani ya hatua kumi kuizunguka sehemu yako. Wanafunzi wanaofyeka uwanja wa shule wapangwe kwa mstari wenye nafasi hiyo kati yao. Kamwe wasifyeke wakitazamana.

Mavazi: buti za mpira au viatu vilivyofunika mguu wote, suruali ndefu na nzito, na miwani. Kandambili si viatu vya kufyekea. Kanga au shuka iliyolegea ifungwe isije ikanaswa na chombo.

Wakati: fyeka asubuhi. Nyasi yenye unyevu wa usiku imejaa maji, imesimama imara na hukatika kirahisi. Ifikapo saa sita mchana imelegea na inainama mbele ya chuma. Lakini umande mwingi huutelezesha mpini, kwa hiyo kausha viganja mara kwa mara.

## 7. Kufyeka kwa fyekeo, hatua kwa hatua

1. Simama miguu ikiwa imeachana kiasi cha upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Miguu yote miwili ikae nyuma ya njia ya bamba, ili mwisho wa pigo usiikute.
2. Shika mpini kwa uthabiti bila kuukaba. Kukaba huchosha mkono na kuleta malengelenge.
3. Pigo litoke kiunoni na begani. Kiwiliwili kigeuke, mkono ufuate. Kifundo cha mkono kazi yake ni kulinda bamba lilale sambamba na ardhi.
4. Lenga shina, karibu na chini. Hapo ndipo nyasi imeshikwa na mizizi na haiwezi kukwepa. Ukilenga majani ya juu utayachapa bila kuyakata.
5. Anza ukingoni. Ingia kidogo kidogo, upana wa kiganja au viwili kwa kila pigo, ukiwa na eneo tupu nyuma yako. Usijitose katikati ya nyasi ndefu.
6. Piga kufuata upande ambao nyasi imelalia. Mashina yatakuwa wazi mbele ya makali. Ukipiga dhidi yake, ncha zitaanguka juu ya bamba na kulipunguza kasi.
7. Nyasi inayozidi kiuno ikate mara mbili: kwanza nusu ya juu, kisha chini.
8. Kwenye mteremko fyeka ukitembea kimkingamo, usawa wa kilima, kuanzia chini kwenda juu. Mtu asisimame chini yako.
9. Badilisha mkono kila baada ya muda, hata kama wa kushoto ni mzito mwanzoni. Mgongo unaosukumwa upande mmoja kila siku huumia.
10. Kila robo saa hadi nusu saa, simama. Kunywa maji, futa bamba, pitisha jiwe mara tano tano kila upande. Mapumziko haya ndiyo yanayokufikisha jioni.

Usifyeke hadi kwenye udongo mtupu. Acha kisiki cha nyasi cha vidole vitatu au vinne. Kinazuia mvua kuchukua udongo, na fyekeo lako linabaki mbali na kokoto.

## 8. Unapokata malisho

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hufungwa zizini, majani hukatwa tambarare na kupandishwa hadi nyumbani. Mzigo huo mara nyingi hubebwa na akina mama, kichwani au mgongoni. Kwa anayekata malisho, ustadi ni kupata chakula kingi kwa jasho kidogo bila kuua shina.

- Majani ya tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo au nepia, kata yakifika kimo cha mita moja hivi. Kwa kawaida ni kila wiki 6 hadi 8, kulingana na mvua. Ukichelewa, mashina hukomaa na ng'ombe huyabagua.
- Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Ukikata chini zaidi unaondoa macho ya kuchipua. Ukiacha kirefu, machipukizi hutoka juu na huwa dhaifu.
- Kata kwa pigo moja la mshazari. Kisiki kilichopondwa hushika maji na kuoza.
- Yanyaushe. Majani ya tembo mabichi yana maji karibu sehemu nne kati ya tano, yaani 80 kwa 100. Ukiyakata asubuhi na kuyaacha juani kwa saa kadhaa, unapunguza maji unayoyabeba.
- Usimpe ng'ombe mikunde michanga yenye umande akiwa na njaa. Anaweza kuvimba tumbo kwa gesi na kufa kwa muda mfupi.
- Katakata vipande vya inchi 1 hadi 2 juu ya gogo kwa panga lililonolewa. Mkono unaoshikilia majani uwe mbali, na usogeze majani, usisogeze vidole.

## 9. Panga lililotoka mgombani

Kwa wakulima wa Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi, chombo kinachokata nyasi mara nyingi ndicho kinachopogoa migomba. Hapo pana hatari kubwa. Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006, na mojawapo ya njia zake kuu za kuenea ni panga linalokata mgomba mgonjwa kisha mzima.

1. Ukiweza, tenga panga la migomba na panga la nyasi.
2. Ukitumia moja, lisafishe kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Lifute utomvu kwanza, kisha litie katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe vitano vya maji.
3. Kama huna dawa, lipitishe kwenye moto mpaka lishindikane kugusika kwa mkono. Usingoje libadilike rangi, utaharibu ugumu wa chuma.
4. Klorini hula chuma. Mwisho wa kazi suuza, kausha, paka mafuta.

Usikubali kuazimwa wala kuazimisha panga la mgombani bila kulisafisha.

## 10. Makosa ya kawaida

- Kunoa kwenye jiwe lolote la barabarani au ngazi ya sementi. Ukingo unakwaruzika bila pembe, unaonekana mkali kwa dakika tano.
- Kunoa upande mmoja tu. Makali yanahama kutoka katikati, chombo kinavuta upande.
- Kukandamiza tupa kwa nguvu. Meno yanavunjika. Acha tupa ile chuma kwa uzito wa mkono.
- Kusubiri mpaka chombo kishindwe kabisa. Jiwe la dakika moja leo linakuepusha na tupa ya nusu saa kesho.
- Kuchimba udongo kwa panga. Mchanga humaliza makali papo hapo. Jembe lipo.
- Kufunga mpini uliolegea kwa mpira au kamba. Badilisha ribiti au gonga kabari mpya. Bamba linalochomoka wakati wa pigo haliulizi limpate nani.
- Kubeba fyekeo begani. Libebe mkononi, makali yakitazama chini na mbali na mguu. Kwenye bodaboda au daladala livishe kwanza: chukua kipande cha bomba la mpira, kipasue kwa urefu, ukivishe juu ya makali na ukifunge.

## 11. Ukijikata au ukiumwa

1. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kuchungulia. Inua kiungo kilichoumia.
2. Damu ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni.
3. Usiweke mafuta ya taa, majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Hivyo ndivyo vinavyoingiza vijidudu.
4. Nenda zahanati kama jeraha ni la kina, damu haikatiki, au kidole hakikunjiki. Ukienda, mweleze mhudumu ulichanjwa lini mara ya mwisho dhidi ya pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi, na ugonjwa unaweza kujitokeza hata baada ya jeraha dogo kupona.
5. Ukiumwa na nyoka, tulia, usitembeze kiungo hicho, vua pete na viatu, upelekwe hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.

## 12. Orodha ya kubandika ukutani

Kila unapoanza
☐ Mpini hauchezi
☐ Makali hayang'ai yakielekezwa kwenye mwanga
☐ Jiwe na maji vipo
☐ Eneo limekaguliwa, watoto wako mbali
☐ Buti na miwani

Kila unapomaliza
☐ Chombo kimeoshwa na kukaushwa
☐ Jiwe limepitishwa kila upande
☐ Mafuta yamepakwa, makali yamevishwa
☐ Kimetundikwa juu, mtoto hafiki

Kila mwezi
☐ Tupa na pembe mpya panapohitajika
☐ Ribiti na kabari zimekaguliwa
☐ Mpini umelainishwa kwa msasa na kupakwa mafuta

Kama katika haya yote utaanza na moja tu, anza na jiwe la mapumziko. Ondoka nyumbani nalo kila unapokwenda kufyeka, lipitishe kila unaposimama kunywa maji. Mengine yatafuata, kwa sababu mkono uliozoea makali haukubali tena kurudi kwenye chombo butu.